Hadithi yangu iliuzwa na karanga

Nianze na ile siku mbaya, maana mengine yote yalianzia pale. Ilikuwa Jumatano, niko uani nasugua chuma cha vitumbua, nikasikia hodi. Jirani wa nyumba ya tatu, mama mtu mzima, kajitanda kanga mpaka puani kama mtu anaenda msibani. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu kwa sauti ya chini chini, akanishika mkono na maji yangu ya sabuni, akasema pole. Pole ya nini tena mama? "Pole tu mwanangu, ndoa ndo zilivyo, we mshukuru Mungu una mikono yako miwili." Nikabaki namtolea macho. Akafungua pindo la kanga akatoa karatasi imekunjwa kunjwa ina chumvi chumvi ya karanga, akanipa. Mwandiko wangu mtupu. Mstari wa kwanza: "Jana usiku mume wangu kanipa talaka tatu, na kwetu ni mbali."

Yaani miguu iliisha nguvu. Sio kwamba nimeachwa, sijaachwa mpaka leo naandika hapa. Ile ilikuwa hadithi. Nilikuwa naandika hadithi kwa siri miezi kama mitano hivi, na mama mkwe wangu alikuwa kaigeuza koni za karanga, kaiuza barazani shilingi mia mia.

Sa ngoja nieleze nyumba yetu ilivyo ndo mtanielewa. Tunakaa Ngamiani, Tanga mjini, kwenye zile barabara zetu za namba, mi na baba watoto na watoto watatu na mama yake, na wifi yangu ambaye haishi hapa ila yupo. Baba watoto ni wa bandarini, anaingia kwa zamu, na toka lile gati lichimbwe meli zikawa zinafunga ukutani badala ya kushusha mzigo kwenye matishari huko majini, zamu za usiku zimekuwa nyingi kweli. Mi napika vitumbua vya asubuhi. Mama mkwe jioni anakaa barazani na sinia lake la karanga, kashata na ubuyu, na koni anatengenezea madaftari ya shule ya watoto yaliyoisha, hilo ni jambo la miaka na mikaka na wala hakuna aliyewahi kuliwaza mara mbili.

Hadithi yenyewe ni ya bibi yangu mzaa mama, au niseme imeanzia kwake. Bibi aliishi kambi ya mkonge upande wa Muheza, babu alikuwa manamba, wale waliokuwa wanachukuliwa kutoka mbali wanaletwa mashambani wanapewa namba, jina lako linabaki kwenu huku we ni namba. Bibi alikuwa anatuhadithia kuhusu kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi, siku hujamaliza kazi yako haihesabiwi, na kuhusu ile mashine ya korona inavyonguruma kuchana majani na yale maji yake yananuka mpaka unakosa hamu ya kula. Nilimsikiliza nikiwa mdogo nikasahau. Kilichonirudisha ni namba moja. Siku moja mtoto wangu mkubwa alipewa kazi ya nyumbani kuhusu mazao ya biashara tukaenda wote maktaba ya pale mjini, nikasoma kwamba mkonge uliletwa huku 1893 na Mjerumani mmoja anaitwa Richard Hindorf, miche yenyewe ilitoka Florida ikapitia Hamburg, ikaanza safari miche 1,000 ikafika hai 62. Sitini na mbili! Hii mistari yote ya mkonge unayoiona ukipanda basi toka hapa mpaka Korogwe mpaka macho yanachoka, mpaka tukafika miaka ya sitini kuuza nje zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, imetoka kwenye vimche 62 vilivyonyauka. Usiku ule sikulala. Nikawa nawaza mwanamke mmoja kambini, kaachwa, hana kwao, na yeye ni kimche kilichofika kikiwa hoi. Nikaanza kuandika.

Nikaandika wapi sasa? Nyuma ya daftari la hesabu la huyo mkubwa, la darasa la nne, limebaki nusu tupu. Na hapo ndo kosa langu lilipo, nalisema wazi. Sikuchukua daftari la mtoto kwa kubana hela, daftari bei gani. Nilichukua kwa sababu mtu akilikuta ataona ni hesabu za mtoto. Nilikuwa naona aibu. Mwanamke wa vitumbua, form foo niliishia na matokeo sitaki kuyasema, leo naandika kitabu? Nikiwaza wifi akijua, nasikia kabisa kicheko chake.

Sasa kitu cha siri nyumbani hakipewi muda, kinaibiwa muda. Na mwizi muda wote yuko macho juu juu. Nilikuwa naandika nikisubiri wote walale, yaani saa tano, saa sita usiku, mkono unaandika jicho moja limefumba, asubuhi nasoma nakuta nimeandika "akachukua panga akaenda akaenda akaenda" mistari minne. Nikasikia watu redioni wanasema siri ya mafanikio ni kuamka mapema. Jamani, mi naamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, niamke mapema ya wapi tena? Nilijaribu saa tisa. Siku tatu. Ya nne nikaunguza mkono kwa mafuta maana nilikuwa nasinzia nimesimama.

Afu nikapata wazo la kijinga kwamba tatizo ni nyumba. Nikamdanganya mama mkwe naenda kliniki ya meno, nikapanda bajaji mpaka Raskazone, nikakaa chini ya mti naitazama bahari, kisiwa cha Toten kile pale, upepo wa kusi unapuliza, kimya, masaa mawili matupu ya kwangu peke yangu ambayo sijawahi kuyapata toka niolewe. Niliandika mistari mitatu. Nikanunua muhogo wa kukaanga na pilipili, nikahesabu ngalawa, nikawaza kama mdogo kala, nikarudi. Na jino nikalazimika kusema bado linauma. Hiyo safari ilinifundisha kitu ambacho sikukipenda, kwamba nilikuwa naisingizia nyumba. Nilikuwa nimepewa muda na sijui wa kuufanyia nini, maana kichwa kilikuwa hakijabeba kitu, nilifika mtupu nikitegemea bahari initungie.

Basi turudi Jumatano. Yule jirani alipoondoka nikakimbilia kabatini, daftari la hesabu halipo. Nikaenda kwa mama mkwe, yuko chumbani kwake anakunja koni taratibu huku anasikiliza redio, pembeni jalada la daftari liko tupu kama ganda la nazi. Sikuweza hata kusema. Na kumgombeza ningemgombezaje? Mama mkwe wangu kasoma chuoni, msahafu anausoma unatiririka, barua za Kiswahili cha herufi za Kiarabu alizoandikiana na marehemu mume wake anazo mpaka leo sandukuni, lakini hizi herufi zetu za shule anazisoma kwa kuunga unga na miwani hana. Kwake yeye lile lilikuwa daftari la mjukuu limejaa, kazi imeisha. Angejuaje?

Ila mtaa ulikuwa unasoma. Karatasi kama nane hivi zilikuwa zimeshauzwa toka Jumatatu. Jioni ile baba watoto karudi, sura imekunjamana, anasema bandarini mtu kampa pole na mwingine kamuuliza nyumba ya kupanga kashapata. Kabla hajavua viatu simu ikaita, ba' mdogo wake yuko Pangani, habari zimeshavuka huko, anauliza kwa ukali imekuaje umwache mtoto wa watu talaka tatu bila kuwaita wazee. Mume wangu akanigeukia simu ikiwa sikioni. Wifi naye huyo, kaja na kasi. Nikaona hapa nisiposema leo naachika kweli.

Nikasema. Kwamba naandika hadithi. Kwamba huyo mke sio mimi, ni mtu wa kambi ya mkonge, wa zamani, hayupo duniani.

Kimya. Baba watoto akasema, "Mi nikutalaki tatu kwa mpigo? We unanionaje mimi?" Nikamwambia sio wewe baba, ni mtu wa kwenye hadithi. "Sasa mbona anavuta sigara na mi navuta sigara?" Nikakosa jibu, na kweli anavuta sigara, aina ile ile. Wifi akaanza kucheka kama nilivyotabiri, lakini kicheko chenyewe kikawa cha kufurahi, akadai nimsomee. Mama mkwe ndo akasema neno lililobaki: "Sasa mwanangu, kitu chako unakificha kwenye takataka, mi nitajuaje si takataka?"

Nimelitafakari hilo neno sana. Hakusema kwa ubaya. Lakini ni kweli, hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ananinyima muda wa kuandika. Hawakuwa wanajua kuna kitu cha kunyima. Nilikuwa nakasirika kimoyo moyo mtoto akiniita nikiwa kwenye sentensi, namjibu vibaya, na yeye anaona mama kashika daftari la hesabu la kaka, kwa nini asiniite? Baba watoto akirudi anataka chai nanuna, na hajui nimenunia nini. Miezi mitano nilikuwa nagombana na watu ambao hawana habari kama kuna ugomvi.

Wiki ile nikaenda steshenari nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili, jalada gumu, nikaandika juu kwa maka peni nyeusi KAZI YA MAMA. Ikapewa makazi juu ya kabati la vyombo ndani ya bati la biskuti. Na muda wake ukapatikana mahali ambapo sikutegemea, kwenye vitumbua vyenyewe.

Anayepika vitumbua anajua. Mchele unaloweka toka jioni, usiku unasaga na tui zito la nazi na iliki, unatia hamira na sukari, afu unafunika na unasubiri uumuke. Hapo katikati, kutegemea joto la siku hiyo, nusu saa mpaka saa nzima, huna la kufanya. Miaka yote hiyo nusu saa ilikuwa inaenda kwenye vyombo, simu, au kubishana na wifi. Nikasema hii ndo yangu. Nasaga saa mbili unusu usiku, nafunika sufuria na kawa, nakaa mezani. Ukishaumuka naupeleka sehemu ya baridi, naukuta saa kumi. Na watoto wakawekewa sheria moja tu ambayo hata yule mdogo wa miaka minne kaishika: kawa likiwa juu ya sufuria, mama haitwi mpaka kuwe na damu au moto. Sasa hivi akija kaka yake kuniita yeye ndo anamzuia mlangoni, "kawa bado!" Kwa nini ilifanya kazi wakati kuwaambia "nipeni nusu saa" haikuwahi kufanya kazi sijui, nadhani mtoto haoni nusu saa lakini kawa analiona.

Sio kwamba ni raha tupu. Kuna siku nilizama kwenye hadithi, yule mwanamke anavuka shamba usiku na simba wanasikika, nikashtuka harufu ya chachu, kawa limenyanyuka lenyewe, uji umemwagika meza nzima mpaka kwenye viatu vya baba watoto. Kilo mbili za mchele. Vile vitumbua vilichacha, wateja wawili wakarudisha na mmoja alinisema mbele za watu. Toka siku hiyo naseti alamu.

Sasa kuna kitu kingine nimekigundua na hiki ndo napenda kuwaambia wenzangu hasa, maana nilikuwa nakilaani. Kukatishwa. Siku moja niko katikati ya mstari, nimeandika "mnyapara akasimama mlangoni akamwambia", mdogo akalia kweli, kaanguka kitandani, damu puani, sheria ya kawa inaruhusu, nikatupa peni nikakimbia. Homa ikafuata, siku mbili sikugusa kitabu. Siku ya tatu nafungua nakuta "akamwambia", na mkono ukaendelea wenyewe, sikuwaza hata dakika, kwa sababu zile siku mbili zote huku nampangusa mtoto kichwani nilikuwa namsikia mnyapara anavyosema. Nikakumbuka, zile siku ambazo nilikuwa namaliza sura vizuri kabisa, nukta, naweka mstari chini, nafunga kitabu najisifu, ndo nilikuwa nakaa wiki sirudi. Nikirudi nakuta ukuta. Nukta ni kama mlango umefungwa kwa ndani.

Kwa hiyo siku hizi mtoto asiponikatisha najikatisha mwenyewe. Alamu ikilia hata kama najua neno linalofuata siliandiki. Linauma kuliacha, kama kuacha mfupa wenye nyama, lakini kesho yake linanisubiri. Na nyumba yenye watoto watatu na mama mkwe na wifi, kwa kukatisha sentensi, haina mpinzani Tanga nzima.

Kile kilichonishinda Raskazone nacho kikapata dawa hapo hapo. Kama sentensi imebaki wazi, kichwa kinaendelea na kazi wakati mikono inafua, inakuna nazi, inasubiri foleni ya maji. Kwenye hadithi kuna wimbo wanawake wanaimba wakianika katani kwenye nyaya, nikataka uwe shairi lenye vina na mizani sawa sawa, nane na nane, kumi na sita kwa mstari, sio la kubabaisha, maana Tanga hapa ukikosea mizani watu wanajua, wazee wa barazani watakuhesabia kwa vidole mbele yako. Mezani lilinishinda. Nikalitunga Jumamosi kwenye kufua. Kusugua nane, kugeuza, kusugua nane, kukamua. Beseni la mashati ya baba watoto ubeti wa kwanza, shuka za watoto ubeti wa pili, na kanga, ambazo ndo nyepesi, zikanipa kituo. Nilikuwa naingia ndani na mapovu mpaka viwikoni kuandika vina tu nisivisahau, "eni" katikati, "ani" mwisho, natoka.

Simu nilijaribu nikaachana nayo, ingawa najua wengi wanaisifia. Kwanza ile ya kwangu ilikuwa inanibadilishia kila neno kuwa Kizungu, ukiandika mnyapara inakupa kitu hata hukijui. Pili watoto. Nikajaribu kujirekodi sauti nikiwa nakaanga, asubuhi ile, nikapata rekodi kumi na moja na nikizisikiliza nasikia mafuta yanachaaa na sauti yangu kwa mbali kama mtu anaungama dhambi, zilizofaa tatu. Kaunta buku haina chaji, umeme ukikatika nawasha mshumaa naendelea.

Watu wakijua unaandika Tanga lazima watakutajia Shaaban Robert, na mi nimetajiwa mpaka na muuza mkaa. Ni wetu, kazaliwa 1909 hapo Vibambani, kafa 1962 na kaburi lake liko Machui, nani asijivunie. Na ni kweli kwamba alikuwa mfanyakazi kama watu wengine, kaanza ukarani wa forodha 1926, ofisi za serikali ya mkoloni karibu maisha yake yote, anahamishwa huku anahamishwa kule, na bado kaacha vitabu vinajaza rafu. Hilo linanipa nguvu siku nikijionea huruma. Lakini ntasema na lingine, nikimuwaza karudi kazini jioni kakaa kuandika, swali langu la kwanza ni nani alikuwa anapika. Nisamehewe. Ndo maana mi moyo wangu uko zaidi kwa Mwana Kupona wa huko pwani ya Lamu, mwanamke mgonjwa ndani ya nyumba yake, 1858, akamtungia binti yake utenzi wa beti kama mia, na baada ya hapo hakuishi muda mrefu. Mafunzo yenyewe ya kumtii mume mengine yananipalia, hilo tuliache, lakini kwamba mwanamke kuandika akiwa ndani ni mambo ya leo ya simu, hapana, hatukuanza sisi.

Nani anapika kwangu? Mimi. Nisiwadanganye. Baba watoto kanisaidia kwa namna yake, Ijumaa akiwa ofu anawachukua watoto wote anaenda nao kukaa kwa rafiki yake, anarudi nao wamelala, hiyo Ijumaa naipata saa moja na nusu nzima. Mkaa ananunua bila kukumbushwa. Vyombo hajawahi kuosha na sitegemei. Kuna zamu akiingia usiku wiki nzima meza inakuwa yangu mpaka nichoke, na kuna wiki yuko nyumbani mchana anataka nyumba kimya alale na watoto wamerudi shule, hiyo wiki hata bati la biskuti silifungui. Ramadhani nayo usiniulize. Kukuna nazi za mihogo na tambi na kupika uji wa pilipili manga kuanzia saa nane mchana, usiku tarawehe, nilijaribu kuandika baada ya daku nikaona herufi zinatembea. Nikaacha mwezi mzima. Zamani ningejiona nimeshindwa na nisingerudi tena, safari hii niliacha sentensi nusu tarehe 29 Shaabani nikaikuta Idi imekwisha.

Aliyenishangaza ni mama mkwe. Toka siku ile akawa anataka kusomewa. Jioni akishamaliza kuuza ananiita, "Lete huyo mwanamke wako." Namsomea kurasa mbili, anatafuna kashata zake mwenyewe, hasemi kitu. Siku ya nne akaweka kashata chini. "Mwanangu, huyu kaachwa lini?" Nikamwambia jana yake mama. "Na leo anahama kambi anaenda kwa mwanaume mwingine kumpikia." Ndio mama. "Eda kaikalia wapi?"

Nikashika kichwa. Eda! Ule muda mwanamke akiachwa anakaa kwanza kabla ya mume mwingine, twahara tatu, mtoto mdogo wa Ngamiani anajua, na mi nimeandika sura nne mwanamke wa Kiislamu kaachwa leo kesho yuko safarini kama mzigo. Sura nne zote zikaanguka. Nilimnunia siku mbili. Afu nikakaa kufikiria, miezi mitatu kaachwa, anaikalia wapi kambini, chumba kile kile cha kampuni na aliyemuacha yuko chumba cha pili, wanakutana bombani kila asubuhi hawasemezani, na mnyapara anataka chumba chake. Kumbe hadithi yenyewe ilikuwa imejificha humo. Niko hapo mpaka sasa, eda imechukua karibu kaunta buku ya pili yote, na wifi kanambia kwa kasi hii huyo mwanamke atatoka eda watoto wangu wameoa.

Zile karatasi nane zilizouzwa, nimerudishiwa tatu. Moja ni ile ya jirani, moja mteja wa vitumbua alikuja nayo akitaka kujua mwisho, na moja aliikuta mkubwa imepeperukia uwanja wa Tangamano, imekanyagwa. Tano sijui ziko wapi. Ya kwanza kabisa, ile yenye vimche 62 niliyoiandika usiku ule bila kulala, nimejaribu kuiandika upya mara kadhaa haiji vile. Ndo maana ukiniona mtaani nimenunua karanga za mtu, sianzi kula. Nazimwagia kiganjani, nafungua koni, nainyoosha gotini, nasoma kwanza. Mpaka sasa nimekuta kujumlisha na kutoa, ramani ya Afrika haina Madagaska, na barua ya mtu anadaiwa kodi ya miezi miwili.